Historia ya Reli (3): Treni Inaporudi Nyuma

Wiki iliyopita tulieleza jinsi injini za mvuke zilivyopata nguvu ya kupanda milima. Leo tunageukia swali ambalo wenye reli walichelewa sana kulijibu: treni ikishindwa kupanda, ni nini kitakachoizuia isirudi ilikotoka?

Sisi Watanzania swali hilo tunalijua kwa uchungu. Asubuhi ya Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilikuwa ikipanda kilima cha Igandu mkoani Dodoma. Breki zikashindwa kuishika. Ikaanza kurudi nyuma, ikaongeza kasi mteremkoni, na mwisho ikaivaa treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia hiyo hiyo. Watu 281 walipoteza maisha. Hakuna ajali ya reli nchini mwetu iliyowahi kuua watu wengi kiasi hicho.

Anayetaka kuielewa Igandu hana budi kuanzia mji wa Armagh, huko Ireland, Juni 12, 1889. Siku hiyo watoto wa shule ya Jumapili ya kanisa la Methodisti, pamoja na wazazi na walimu wao, walikuwa wakienda kutembea ufukweni Warrenpoint. Walikuwa watu wapatao 940 katika mabehewa 15, na milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kutoka nje ili asipande mtu asiye na tiketi. Nje kidogo ya mji njia inapanda mlima, na injini ikaishiwa nguvu ikiwa imebakiza hatua chache kufika kileleni.

Uamuzi uliotolewa ulikuwa kuikata treni vipande viwili. Injini ingetangulia na mabehewa matano hadi stesheni ya mbele, kisha irudi kuchukua kumi yaliyobaki. Treni hiyo ilikuwa na breki zilizoendeshwa kwa kunyonya hewa kutoka kwenye injini. Injini iliponyonya, breki zilikaza. Behewa likitenganishwa na injini, halikuwa na breki hata kidogo. Kwa hiyo mabehewa kumi yaliyojaa watoto yakabaki mlimani yakishikiliwa na breki ya mkono ya behewa moja la nyuma, na mawe yaliyosukumwa chini ya magurudumu.

Injini ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo tu. Msukumo huo mdogo ukayasaga mawe, na mabehewa yakaanza kuteremka. Kwa nyuma yake treni nyingine ilikuwa tayari imeruhusiwa kuondoka Armagh, kwa sababu desturi ya njia ile ilikuwa kuachanisha treni kwa kuhesabu dakika, bila kuhakikisha kwanza kwamba ya mbele imefika. Mabehewa yalikwenda zaidi ya kilomita mbili kabla ya kugongana nayo. Watu 80 walifariki na takribani 260 walijeruhiwa.

Bunge la Uingereza halikusubiri mwaka uishe. Agosti ile ile ilipitishwa sheria iliyozilazimisha kampuni za reli kufanya mambo matatu: kutoruhusu treni mbili kuwa katika kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja, kuunganisha mitambo ya ishara na ile ya kubadilishia njia ili zisipingane, na kuweka katika kila treni ya abiria breki zinazojifunga zenyewe.

Jambo hilo la tatu lilikuwa limeshavumbuliwa zamani. Mmarekani George Westinghouse alilitengeneza mwaka 1872. Chini ya kila behewa huwekwa tangi dogo la hewa na valvu. Bomba moja hupita kutoka injini hadi behewa la mwisho, likiunganishwa kwa mipira kati ya behewa na behewa. Hewa ikijaa bombani, breki huachia. Dereva akiipunguza, au mpira ukichomoka, valvu huruhusu hewa ya tangi iingie kwenye silinda, na silinda husukuma viatu vya breki vikabana magurudumu. Treni ikikatika vipande viwili, vyote viwili husimama. Kilichokuwa hatari kubwa Armagh, yaani kukatika, ndicho kinachozifunga breki za namna hii.

Kanuni hiyo ilizaa changamoto kwa chombo kimoja cha ajabu kilichotumika Uingereza kuanzia 1858. Lilikuwa behewa lililoachwa njiani huku treni ikikimbia. Treni ya haraka haikutaka kupoteza muda katika stesheni ndogo, kwa hiyo gadi aliyekaa ndani ya behewa la mwisho alilifungua kutoka kwenye treni, akaliongoza kwa breki zake mwenyewe, akalisimamisha jukwaani. Breki za kujifunga zilipoingia, ilibidi mafundi wabuni valvu za kuziba bomba pande zote mbili, la sivyo treni nzima ingesimama. Behewa la mwisho la aina hiyo liliachwa Bicester mwaka 1960.

Hata hivyo, breki inayojifunga inategemea mikono ya watu. Kati ya mabehewa kuna koki ya kufungulia na kufungia hewa. Koki moja ikifungwa kimakosa, mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayasikii tena amri ya dereva. Ndivyo ilivyotokea Paris, Juni 27, 1988. Baada ya abiria kuvuta kengele ya dharura, dereva alifunga koki bila kujua. Breki zilipokataa kuachia, hewa iliyobaki ilitolewa katika mabehewa, na treni ikaendelea na safari karibu bila breki. Iliingia stesheni ya Gare de Lyon kwa kasi, ikagonga treni iliyosimama, na watu 56 wakafa. Huko Lac-Mégantic, Kanada, mwaka 2013, injini ya treni ya mafuta iliyoegeshwa mlimani ilizimwa baada ya kuwaka moto. Hewa iliyokuwa ikibana breki za injini ikavuja taratibu, breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, na watu 47 wakaangamia mjini.

Ndiyo maana jaribio la breki kabla ya safari lina uzito kuliko linavyoonekana. Dereva hupunguza hewa, na mtu hutembea hadi behewa la mwisho kabisa kutazama kama viatu vimebana na kama vinaachia. Ni kazi ya dakika chache, na abiria aliyechoka kusubiri huiona ni ucheleweshaji. Sasa tuna reli ya kisasa ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na tuna haki ya kuifurahia. Lakini mlima haujali treni ni mpya au ni kuukuu. Tuwaheshimu wanaokagua, tuwape muda na vifaa, na mkaguzi akisema treni haiendi, asiwepo mkubwa wa kumlazimisha aiachie.

Wiki ijayo: injini za Garratt, majitu ya reli ya Afrika Mashariki yaliyopewa majina ya milima.