Programu ya kurekodi ni kama mbegu: pima udongo kwanza



Tangu tutoke chuo, ulizo moja linanifuata kila mahali: "Wewe mwenye kurekodi ba kwaya, programu gani njo ya nguvu?" Mwenye kuuliza anangojea jina moja tu, kusudi aende kuitafuta jioni ile ile. Mimi ninarudisha ulizo: uko na ordinatere ya namna gani, na unataka kurekodi nini? Wengine banafikiri ninabaficha siri. Apana. Nilisomea kilimo, na mu kilimo hakuna mbegu ya nguvu kwa kila shamba. Kuko mbegu yenye kufaa udongo fulani, mvua fulani na mfuko wa mulimaji fulani. Mu maneno ya sauti iko vile vile.

Bale tulisoma nabo agronomia banakumbuka sheria ya kipimo cha chini. Carl Sprengel aliisema, Justus von Liebig akaitangaza, karne ya 19 kule Ujerumani: mavuno hayafuati mbolea yenye iko mingi, yanafuata kile chenye kinakosekana zaidi. Shamba likikosa fosforo, hata umwage gunia kumi za azoti, mahindi yatabaki mafupi. Ordinatere ya kurekodi inafuata sheria ile ile. Kuko kitu kimoja njo kinaifunga: memwari, disiki, umeme, mikro ao chumba. Kubadilisha programu wakati memwari njo inakosekana, ni kumwaga azoti pahali pa fosforo.

1. Pisti nyingi, maana yake nini

Kurekodi kwa pisti nyingi ni kuweka kila sauti pahali pake: soprano kwake, besi kwake, gitaa kwake, ngoma kwake. Kisha unaweza kupunguza gitaa bila kugusa soprano, ao kurudilia besi peke yake bila kuita kwaya nzima. Njo faida yote.

Na tusidanganyane juu ya hesabu ya pisti. Mwaka 1967, The Beatles walitoa Sgt. Pepper, na walikuwa wanatumia mashini za pisti 4. Leo ordinatere ya zamani ya mutu wa kwetu inaweza kubeba pisti nyingi kupita zile. Kwa iyo programu ikikutangazia pisti mia mbili, uliza kwaya yako iko na sauti ngapi.

2. Kuchagua: uliza mambo mane

La kwanza ni mashini. Kama iko na memwari ya giga 4 na disiki ya zamani yenye kuzunguka, tafuta programu nyepesi. La pili ni kazi. Kukata mahojiano ya redio si kazi moja na kupanga kwaya yenye gitaa tatu. La tatu ni franka. La ine, lenye batu wanasahau, ni mega: programu yenye kuomba giga nyingi za kushusha, na kisha kila mwezi inataka intaneti, kwetu ni muzigo.

Tukipima vile, majina yanajipanga yenyewe.

Audacity iko ya bure kabisa, na inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Kwa mahojiano, mahubiri, ao sauti mbili na gitaa, inatosha sana. Tangu 3.2, ya mwaka 2022, unaweza kuweka efe na kusikiliza hapo hapo bila kuharibu sauti ya kwanza. Lakini kwa kazi ya pisti nyingi zenye kurekodiwa moja juu ya ingine, inakuwa nzito kuitumikisha.

Reaper njo ninaitumia kwa kwaya. Fishie yake ya kushusha ni ndogo sana, haifike hata mega 50. Inakubali ordinatere dhaifu. Unaweza kuiweka hata kwenye flashi na kuitembeza. Unapewa siku 60 za kuijaribu na kila kitu kimefunguka. Kisha pale unapaswa kulipa: dola 60 kwa mutu binafsi ao kazi ndogo, dola 225 kwa biashara kubwa. Ubaya wake: siku za kwanza inatisha, juu menyu ni mingi.

Ardour iko ya kufaa kwa mwenye kutumia Linux. GarageBand ni ya bure kwa mwenye Mac. Pro Tools iko mu ma studio makubwa ya dunia. Kama unataka kutafuta kazi mu studio ya namna ile, ujifunze. Kama unarekodi kwaya ya mtaa, haikuongezee kitu chenye masikio yatasikia.

3. Neno juu ya "kraki"

Ninajua wengi banafanya: wanachukua programu ya dola mia kadhaa kwa rafiki, ya bure, imevunjwa funguo. Sitazungumuza tu sheria na haki ya mwenye kutengeneza, hata kama iko. Nasema kama mulimaji: ile ni mbegu yenye hujui ilitoka wapi. Mara nyingi inakuomba uzime kinga ya virusi mbele ya kuiweka. Ukikubali, umefungua mlango wa nyumba yenye iko na nyimbo zote za kwaya, na picha, na mémoire yako ya lisansi. Na ikizima katikati ya kazi, hakuna mutu wa kumulalamikia. Wakati kuko za bure na kuko ya dola 60, hatari ile haina sababu.

4. Kutengeneza mashini: tafuta chenye kinakosekana

Hapa njo batu wanapoteza wakati mingi. Usibadilishe vitu kumi mara moja. Angalia alama, sawa vile tunaangalia majani ya muhindi mbele ya kununua mbolea.

Alama ya kwanza: muimbaji anajisikia mu kaske na kuchelewa. Sababu ni bufa, ni kusema ndoo yenye ordinatere inajaza sauti mbele ya kuitoa. Kwa sampuli 44.100 kwa sekunde, bufa ya 1.024 inachelewesha milisekunde 23. Sauti inatembea karibu metre 343 kwa sekunde, kwa iyo ni kama muimbaji anajisikia kutoka metre 8. Hawezi kushika mwendo. Bufa ya 128 ni milisekunde 3, sawa na metre moja. Na ile ni upande mumoja tu. Kuingia na kutoka, kuchelewa kunaongezeka. Kwa Windows, tumia piloti ya ASIO yenye ilikuja na interfasi yako ya sauti. Kama hauna interfasi, kuko ASIO4ALL ya bure. Na kama interfasi iko na kifungo cha kujisikiliza moja kwa moja, tumia kile: sauti haipiti tena mu ordinatere, na neno limeisha.

Alama ya pili: sauti inakatika-katika, inapiga "tak, tak". Hapa ndoo ni ndogo kupita nguvu ya mashini. Panua bufa, 256 kisha 512. Funga intaneti, funga navigatere, zima Wi-Fi. Mu Windows chagua mpango wa umeme wa nguvu ya juu, juu laptopu nyingi zikiwa kwa batri zinapunguza mwendo zenyewe. Kanuni ni hii: bufa ndogo wakati wa kurekodi, bufa kubwa wakati wa kuchanganya.

Alama ya tatu: kila kitu kilikuwa muzuri, kisha umeongeza efe na mashini imechoka. Gandisha pisti: programu inaandika sauti pamoja na efe zake mu fishie, na processeri inapumuzika. Ukitaka kubadilisha, unagandua. Na mwangwi moja ukiwekwa kwa pisti moja ya pamoja, yenye pisti zote zinaitumia, unafanya kazi ya miangwi nane.

Alama ya ine: disiki imejaa. Pisti moja ya biti 24 na sampuli 44.100 inakula karibu mega 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye pisti 8 ni mega 320. Mukiurudilia mara tatu, munakaribia giga moja. Mwenye kuchagua sampuli 96.000 anazidisha zaidi ya mara mbili, na sikio la mutu linaishia karibu na mitetemo 20.000, yenye 44.100 inakamata tayari. Biti 24, ndiyo, chukua: inakupa nafasi ya kurekodi bila kupandisha sauti sana. Acha kilele karibu na -12, usifikie sifuri. Sauti yenye imepasuka wakati wa kurekodi hairudi vizuri.

5. Umeme

Kwetu Bukavu kila mutu anajua: umeme unakwenda bila kuaga. Kwa iyo laptopu yenye batri muzima inashinda ordinatere kubwa ya meza yenye haina onduleri. Chukua interfasi yenye kulishwa na USB, juu umeme ukikatika yenyewe inaendelea pamoja na laptopu. Mu Reaper, amuru programu ijiandike yenyewe kila dakika chache. Na jioni, mbele ya kulala, kopi mbili: moja kwa disiki ya inje, moja kwa nyumba ya mutu mwingine. Mwizi na maji ya mvua havichagui.

6. Franka iende wapi

Tuseme kwaya imekusanya dola 200, na wimbo kwa wimbo ilitafuta zile franka kwa sadaka na ndoa. Mutu akishauri programu ya bei ile yote, akatae kwanza kujibu: chenye kinakosekana ni nini? Mara nyingi ni chumba chenye kurudisha sauti kama choo, na mikro moja mubaya. Blanketi nzito kwa kuta hazihitaji franka mingi. Programu ya dola 60 ao ya bure, mikro muzuri kidogo, na disiki ya inje: sauti itabadilika na baba wa besi mwenye miaka yake mingi atabaki anasikika hata wakati hatakuwa tena pamoja na sisi.

Ile njo kipimo changu. Wajukuu wake hawatauliza ilirekodiwa na programu gani. Watauliza kama fishie bado iko.