Je, Wajua? Nguvu za Mikono na Safari ya Kwenda Lanet

Bonde la Ufa limejipatia jina duniani kwa miguu ya wakimbiaji wake. Lakini kijana anayetaka kuwa afisa wa jeshi la Kenya hupitia Lanet, pembeni mwa mji wa Nakuru, na kazi ya uaskari haimalizwi na miguu peke yake. Kuna kamba ya kupanda, ukuta wa kuvuka, bunduki ya kubeba na mwenzako aliyeumia anayekungoja umwinue. Kwa kila anayejiandaa, na kwa mzazi au mwalimu anayemwandaa, haya ni mambo ya kuyajua kuhusu mikono, mabega na mgongo.

Je, wajua kwamba maafisa wa majeshi yote matatu huanzia Lanet?
Awe wa nchi kavu, wa anga au wa majini, afisa kadeti wa Kenya hufunzwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya (KMA), ambacho zamani kiliitwa Armed Forces Training College. Makuruti wa kawaida wao hupelekwa Eldoret. Lanet hupokea pia makadeti kutoka nchi rafiki, na tangu mwaka 2021 ni makao ya Chuo Kikuu cha Ulinzi cha Taifa (NDU-K). Kwa hiyo kadeti wa leo hupimwa akili na mwili mahali pamoja.

Je, wajua kwamba jeshi halitafuti majitu?
Matangazo ya kuandikisha makadeti ya miaka ya karibuni yametaja kimo kisichopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Na wepesi una faida yake: ukijivuta juu kwenye chuma cha mazoezi, unainua mwili wako wote. Kijana wa kilo 55 anainua kilo 55, na jirani yake wa kilo 90 hana budi kuinua 90. Mwembamba mwenye mgongo imara mara nyingi humshinda mnene mwenye mikono minene.

Je, wajua kwamba pushapu moja ni sawa na gunia la viazi?
Katika pushapu kamili, mikono hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 75 anasukuma kama kilo 50, yaani gunia zima la viazi kama yale yanayoshushwa sokoni kutoka Molo na Mau Narok. Akiweka magoti chini, mzigo hushuka hadi karibu nusu ya uzito wake. Basi anayeanza asione haya kupiga pushapu za magoti, au kuegemeza mikono kwenye ukingo wa kitanda. Muhimu ni namna ya kuzifanya. Viganja vikae chini ya mabega, viwiko virudi nyuma kidogo badala ya kutanuka pembeni, tumbo likazwe, na mwili uwe mstari mmoja kutoka kisogo hadi visigino. Pushapu 10 za namna hiyo zina faida kuliko 40 za kuchezesha kiuno.

Je, wajua kwamba vidole havina misuli ya kuvikunja?
Nguvu inayofunga ngumi yako hutoka kwenye misuli ya kigasha na ya kiganja, ikivuta vidole kwa kano ndefu kama nyuzi. Ndiyo maana mtu anayepanda kamba huumwa kigasha kabla ya kuumwa vidole, na wengi huanguka kwa sababu wameshindwa kushika, si kwa sababu bega limechoka. Kuning'inia tu kwenye tawi imara kwa sekunde kadhaa, ukipumzika na kurudia, ni zoezi kamili. Kubeba mitungi miwili ya maji, mmoja kila mkono, ni zoezi jingine.

Je, wajua kwamba ubongo hupata nguvu kabla ya misuli?
Katika wiki za kwanza za mazoezi, nguvu huongezeka huku mkono ukionekana ule ule. Kinachobadilika ni neva, kwani ubongo hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja. Unene huja baadaye, baada ya wiki kadhaa. Wengi huacha mapema wakidhani hawapigi hatua, kumbe kazi inaendelea mahali wasipopaona.

Je, wajua kwamba kushuka kunafundisha kupanda?
Msuli unaorefuka huku ukizuia mzigo huhimili uzito mkubwa kuliko msuli unaojifupisha kuinua. Asiyeweza kujivuta hata mara moja apande kwenye kiti mpaka kidevu kipite chuma, kisha aondoe miguu na kushuka polepole, akihesabu hadi tano. Arudie mara chache, siku mbili au tatu kwa wiki. Mwili unaojua kushuka kwa utulivu hufika siku ukapanda wenyewe.

Je, wajua kwamba pengo la wanawake liko zaidi mabegani kuliko miguuni?
Kwa wastani, nguvu za wanawake sehemu ya juu ya mwili ni kati ya nusu na theluthi mbili ya zile za wanaume, lakini miguuni pengo hupungua. Kikosi cha Marine cha Marekani kilipanga kuwataka wanawake wajivute mara tatu kuanzia Januari 2014. Sharti hilo likaahirishwa, kwani asilimia 55 ya makuruti wa kike hawakulifikia. Takwimu hiyo isimkatishe msichana tamaa. Inamwambia tu kwamba yeye aanze mapema zaidi, na kwamba chuma cha kujivuta kisiachiwe wavulana uwanjani shuleni. Na jeshini mwanamke anaweza kufika mbali: Fatuma Ahmed alijiunga na jeshi la Kenya mwaka 1983. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza nchini kufika cheo cha Meja Jenerali, na mwaka 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Anga.

Je, wajua kwamba wasaga nafaka wa kale waliwapita wapiga makasia?
Mwaka 1938, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango la Mto Njoro, si mbali na Nakuru. Walikuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa na kuzikwa takriban miaka 3,000 iliyopita. Pamoja nao kulikuwa na shanga za mawe, na pia mabakuli ya mawe, michi na mawe ya kusagia ambavyo idadi yake inakaribiana na ya wafu wenyewe. Ni watu walioshinda na kazi ya mikono, wakazikwa na vyombo vyake. Huko Ulaya ya Kati, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliotolewa mwaka 2017 ulipima mifupa ya wanawake wa jamii za kwanza za wakulima. Mifupa ya mikono yao ilikuwa imara zaidi kwa asilimia 11 hadi 16 kuliko ya wanawake wapiga makasia wa chuo hicho, na watafiti wakaitaja kazi ya kusaga nafaka kwa mawe kuwa sababu mojawapo. Kazi ya kila siku, ikirudiwa miaka na miaka, hujenga hadi mfupa.

Je, wajua kwamba wanawake wa Kenya waliwashangaza wanasayansi?
Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kikuyu wanaobeba mizigo kwa kamba ya kipajini na wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani. Waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nishati ya ziada. Wanaume waliobeba mzigo wa kiasi hicho mgongoni walitumia nishati zaidi. Wale wanawake walikuwa wamebeba mizigo tangu utotoni.

Je, wajua kwamba mkono wenye nguvu huanzia ardhini?
Julius Yego wa Nandi alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kwenye YouTube. Mwaka 2015, mjini Beijing, akatwaa ubingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mkuki wa wanaume una gramu 800 tu, na urefu wa mtupo hutokana na kasi. Kasi hiyo huanzia mguuni, hupita nyonga na kiwiliwili, ndipo ifike begani. Konde la bondia nalo hufuata njia hiyo hiyo. Philip Waruinge, aliyekulia katika ndondi za Nakuru, alipata shaba Mexico mwaka 1968, akapewa pia kombe la Val Barker la bondia hodari kuliko wote wa michezo ile, kisha akaongeza fedha Munich mwaka 1972. Kwa hiyo anayejenga mikono asiache miguu na tumbo.

Je, wajua kwamba hewa ya Nakuru ina bei yake?
Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Anayetoka Mombasa ataiona tofauti hiyo akikimbia, lakini kwenye kujivuta mara chache haitamsumbua sana.

Je, wajua kwamba mazoezi ya kukurupuka yanaweza kuua figo?
Mtu asiyezoea akijilazimisha mamia ya pushapu kwa siku moja, hasa kwenye joto na bila maji, misuli inaweza kuvunjika na kumwaga protini yake ndani ya damu. Figo hulemewa. Dalili ni maumivu makali, misuli kuvimba na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni safari ya hospitali siku ile ile, na madaktari wa majeshi mengi wameiona kwa makuruti wapya. Mwenye kinasaba cha seli mundu, hata kama haugui, awe mwangalifu zaidi, na amwambie mkufunzi wake mapema.

Kujiandikisha jeshini ni bure, na jeshi lenyewe huwaonya wananchi kila mara wasimpe mtu yeyote hongo. Matayarisho ya mwili nayo hayauzwi. Miezi sita ya pushapu safi, kuning'inia, kushuka polepole, kubeba maji, kula githeri na kulala vya kutosha humtosha kijana wa Bahati au wa Rongai, kaunti ya Nakuru, kuanza vizuri. Anayengoja mpaka tangazo litoke gazetini amekwishachelewa. Aanze wiki hii.