Jumuiya ya Wanafunzi Ianzie Kidato cha Tatu

Mzazi wa Murungu, katika wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma, anayeuza maharage na mahindi yake ili mwanawe afike kidato cha sita, huijua vema taabu ya kutafuta fedha, kwa maana amepambana nayo miaka mingi. Lakini iko taabu nyingine ambayo aghalabu haioni mpaka imekwisha kumdhuru, nayo ni ya kukosa habari kwa wakati wake. Kijana hufanya mtihani mwezi wa Mei, kisha hurejea shambani, au huitwa kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria; na siku anapopata kusikia kwamba dirisha la maombi ya mkopo lilifunguliwa likafungwa, au kwamba maombi yake yana kasoro kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa hakikuhakikiwa, mwaka mzima umekwisha kupotea, na alama zake nzuri hazimfai kitu. Sisi tunaofanya kazi ya kuwanasihi wanafunzi tumeona vijana wenye akili kali wakiachwa nyuma na wenzao wa mijini, si kwa upungufu wa bidii wala wa kipaji, bali kwa sababu yule wa mjini alikuwa na kaka, dada au jirani aliyepita njia ile ile mwaka mmoja kabla yake.

Jumuiya ya wanafunzi wasomi, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni chombo cha kumpatia kila kijana kaka na dada wa namna hiyo, hata kama ukoo wake haujawahi kutoa msomi hata mmoja. Ni mjumuiko wa wanafunzi walio shuleni na walio vyuoni, wenye kanuni, viongozi na vikao, unaokusanya maarifa ambayo kila mmoja ameyapata kwa jasho lake na kuyafanya mali ya wote: namna ya kuchagua tahasusi, namna ya kuandika maombi ya ufadhili, namna ya kumwendea mwalimu kwa adabu kumwomba barua ya kumshuhudia, na namna ya kusimama mbele ya watu na kuitetea hoja.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Julius Nyerere alipoingia Makerere mwaka 1943, baada ya kusoma Tabora, hakuridhika na vitabu peke yake. Pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu aliunda chama cha ustawi cha wanafunzi wa Tanganyika waliokuwa chuoni pale, na baadaye juhudi zao zikaelekezwa katika kuhuisha tawi la Tanganyika African Association. Vijana wale walikuwa wachache mno na mamlaka hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kukutana, kujadiliana, kuandika na kusomeana walichoandika. Hata safari ya Nyerere ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alikopata shahada yake mwaka 1952, haikutokana na akili yake peke yake, kwa kuwa alikuwapo Padri Richard Walsh, mkuu wa shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, aliyemjua kijana yule kwa kazi yake ya ualimu na kumhimiza na kumsaidia katika kuutafuta ufadhili ule. Tazama basi mambo mawili yaliyokutana: kijana aliyekwisha kujizoeza uongozi miongoni mwa wenzake, na mtu mzima mwenye sauti aliyekuwa tayari kumshuhudia. Pakosekanapo moja katika hayo mawili, la pili hudhoofika.

Miaka kumi baadaye, Septemba 1959, ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani, kwa jitihada za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na marafiki zake wa ng'ambo. Na mpaka mwaka 1963 idadi ya waliosafiri kwa mpango ule, wakiwamo vijana wa Tanganyika na Uganda, ilikuwa imefikia kadiri ya 800. Miongoni mwao alikuwamo Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kazi kubwa ya mpango ule, ambayo wasimulizi huipita upesi, ilikuwa ni kazi ya makaratasi: kutafuta vyuo, kuandika barua, kulinganisha vyeti, kuchangisha nauli. Na Dar es Salaam, katika mwaka 1967, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliunda jumuiya yao ya kimapinduzi, University Students' African Revolutionary Front, iliyojulikana kwa kifupi USARF, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake, wakatoa jarida lililoitwa Cheche. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1970. Mtu anaweza kukubaliana na siasa zao au kuzikataa, lakini hawezi kukana kwamba pale walijifunza kuongoza.

Turejee sasa katika makaratasi, maana hapo ndipo vijana wa Buha, yaani nchi hii ya Waha, wanapoumia zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hupokea maombi kwa njia ya mtandao, na mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili), mdhamini mwenye kitambulisho na picha yake, saini na muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, na uthibitisho wa hakimu au kamishna wa viapo. Yatima huambatisha cheti cha kifo cha mzazi, na aliyetoka katika kaya inayosaidiwa na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, huonyesha ithibati yake. Hakuna katika haya lililo gumu likichukuliwa peke yake. Ugumu huja pale yote yanapotakiwa katika majuma machache, na kijana hana simu ya kufaa, na hakimu yuko Kibondo mjini, na marehemu baba yake alizikwa kijijini bila ya kifo chake kuandikishwa popote. Fauka ya hayo, mikoa ya mpakani kama Kigoma ina uzito wake wa pekee, kwa kuwa maombi ya kitambulisho cha taifa hupitia pia mahojiano ya uhamiaji, na jambo linalomchukua mtu wa Dodoma siku chache laweza kumchukua mtu wa huku muda mrefu. Hatimaye kijana hukimbilia steshenari ya mjini, ambako mwenye kompyuta humjazia fomu kwa haraka huku foleni ikimsukuma mgongoni, na tarakimu moja ya namba ya mtihani ikikosewa, kazi yote huwa bure.

Jumuiya yenye tadbiri hulitatua jambo hili kwa kulianza mapema. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayo miaka mitatu na zaidi ya kutafuta cheti cha kuzaliwa, kulinganisha jina la cheti hicho na jina la shuleni, na kuandikisha kifo kisichoandikishwa. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayo majuma tu. Hii ndiyo sababu ninashikilia, kinyume cha mazoea, kwamba jumuiya ianzie kidato cha tatu wala si chuo kikuu. Na kuchelewa si kukosa mkopo tu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili wa Samia kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi katika kidato cha sita, ambao haurejeshwi, ilhali mkopo hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika aliyeajiriwa. Kijana asiyezijua tofauti hizi anapochagua tahasusi amekwisha kuchaguliwa njia pasi na kuulizwa.

Ufadhili wa nje una sharti jingine, ambalo halitimizwi kwa vyeti. Ule wa Chevening, ulioanza mwaka 1983, humtaka mwombaji awe amefanya kazi si chini ya miaka miwili na aeleze kwa maandishi namna alivyoongoza. Ule wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, ambao Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa washirika wake, huangalia uhitaji wa mwombaji na pia alichokwisha kuwafanyia watu wake. Mtu hawezi kubuni sifa hizi usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Aliyekuwa katibu wa jumuiya akaandika kumbukumbu za vikao, aliyekuwa mweka hazina akasoma hesabu ya michango mbele ya wenzake na kujibu maswali yao bila ya kukasirika, huyo ana la kuandika, tena la kweli. Nami naona uweka hazina ni shule bora ya uongozi kuliko uenyekiti, kwa sababu humzoeza kijana kuulizwa.

Wasichana wasiachwe katika vyeo hivyo, wala wasipewe ukatibu tu kana kwamba ndiyo haki yao pekee. Nchi ya Heru, yaani Kasulu ya leo, iliwahi kuwa chini ya Mwami Theresa Ntare katika miaka ya mwisho ya ukoloni, naye alikuwa mwanamke. Watu wa Buha hawana haja ya kufundishwa na mgeni kwamba mwanamke aweza kutawala.

Liko kundi jingine katika nyanda hizi ambalo haki hainiruhusu kulinyamazia. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea wakimbizi wa Kongo tangu mwaka 1996, na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Watoto wa kambi hizi wamesomeshwa kwa mitaala ya makwao, wengi wakijibu mitihani kwa Kifaransa, kwa hiyo anayetaka chuo cha Tanzania hulazimika kwanza kutafuta ulinganifu wa vyeti vyake. Ufadhili wa DAFI, unaoitwa kwa jina la Albert Einstein aliyekuwa mkimbizi pia, ulianzishwa mwaka 1992 na serikali ya Ujerumani pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, nao husomesha wakimbizi katika vyuo vya nchi waliyokimbilia. Lakini nafasi zake ni chache kuliko waombaji. Kijana wa kambini anayehitaji kujua wapi cheti chake hulinganishwa, na kijana wa Murungu anayehitaji mtu wa kuzungumza naye Kifaransa, wangefaidiana sana kila sheria za kambi zinaporuhusu wakutane.

Vyuo vyetu havikosi jumuiya za wanafunzi watokao mkoa mmoja au wilaya moja, lakini nyingi humaliza nguvu zake katika karamu za kukaribishana na kuagana, na fulana zenye majina, huku shule walizotoka zikibaki bila ya kujua kwamba wapo. Sizilaumu kwa kufurahi. Nazilaumu kwa kuipa kisogo njia waliyopita. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliye Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, akipata fedha zake za kujikimu, zile wanazoziita bumu, aweza kutumia sehemu ndogo mno kurudufu orodha ya hati zinazotakiwa na kuwapelekea walimu wa shule yake ya zamani. Na arudipo likizo, aweza kukaa nao alasiri moja akawaeleza vijana wa kidato cha tatu alipojikwaa.

Wenye nafasi ya kuanza kazi hii ni walimu wa sekondari za Kibondo na Kasulu, wakufunzi wa vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, na wahitimu wa Murungu popote walipo. Nawaomba wasingoje ruzuku wala mgeni rasmi. Wakusanye wanafunzi wa kidato cha tatu mwanzoni mwa muhula wa kwanza, wamtake kila mmoja alete cheti chake cha kuzaliwa, na wale wasio nacho majina yao yaandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na jina la mtu atakayefuatana nao kwenda ofisi ya wilaya.