Pasiporti moja, bei nyingi: hesabu ya minervali kwa mwanafunzi anayetoka Mwadingusha

Wanafunzi wawili wanaweza kuketi kwenye benchi moja, wakamsikiliza profesa mmoja na kufanya mtihani mmoja, lakini mmoja akalipa minervali mara kadhaa kuliko mwenzake. Tofauti haitokani na pointi walizopata. Inatokana na karatasi: pasiporti aliyonayo kila mmoja, na mahali ambapo kila mmoja anaweza kuthibitisha kwamba anaishi.

Mwadingusha, karibu na Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, inajulikana kwa maji na umeme. Union Minière ilifunga mto Lufira, ziwa Tshangalele likazaliwa, na turbini zikaanza kuzunguka mwaka 1930. Mwaka 2021, baada ya ukarabati uliolipiwa na wachimbaji wa Kamoa-Kakula, kituo kilirudi kutoa zaidi ya megawati 70, na umeme huo unalisha mgodi ulio mbali, upande wa Kolwezi. Vijana pia huenda mbali. Anayepata Diploma ya Serikali hutazama kwanza Likasi, kisha Lubumbashi, ambako chuo kikuu kipo tangu miaka ya 1950. Wazazi wenye uwezo kidogo huuliza habari za ng'ambo ya Kasumbalesa. Hapo swali hubadilika. Haitoshi tena kuuliza masomo ni bei gani. Chuo nacho kinauliza: mtoto huyu ni wa nchi gani, na anakaa wapi?

Sababu ya vyuo vya serikali ni rahisi kueleza. Sehemu ya gharama inalipwa na kodi za wananchi, hivyo raia au mkaaji hupunguziwa, na mgeni anaombwa alipe karibu gharama yote, mara nyingine hata zaidi. Ni hoja yenye maana, ila ina tundu: mgeni ambaye wazazi wake wamefanya kazi na kulipa kodi katika nchi hiyo kwa miaka kumi anaweza kujikuta bado yuko kwenye orodha ya wageni.

Kwa watu wa Katanga, mlango wa karibu ni kusini. Zambia ina Chuo Kikuu cha Zambia kule Lusaka, kilichofunguliwa mwaka 1966, na Chuo Kikuu cha Copperbelt kule Kitwe, kilichoanzishwa mwaka 1987. Kitwe iko karibu na Likasi kuliko Kinshasa, mbali sana. Lakini mpaka ni mpaka: kuwa Mlamba au Mbemba mwenye wajomba pande zote mbili hakumfanyi mtu kuwa raia mbele ya dirisha la kulipia.

Jumuiya ya SADC ilijaribu kulegeza jambo hilo. Protokali yake ya elimu na mafunzo ilitiwa saini Blantyre mwezi wa tisa 1997, kwenye mkutano uleule ulioipokea Kongo kuwa mwanachama. Protokali inataka vyuo vikuu vitenge walau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine za SADC, na ndani ya miaka kumi wanafunzi hao wahesabiwe kama wenyeji kwa ada na malazi. Ilianza kutumika mwaka 2000. Miaka kumi ilikwisha mwaka 2010, na bado kila nchi inaendesha mambo kwa namna yake.

Afrika ya Kusini ndiko ahadi hiyo inakoonekana zaidi. Vyuo vikuu kama Cape Town na Witwatersrand humtoza mwanafunzi wa SADC ada ya masomo sawa na ya mwenyeji, kisha huongeza malipo maalum ya wanafunzi wa kigeni. Anayetoka nje ya SADC hulipa zaidi. Mzazi asifurahi mapema, maana bei ya masomo si gharama yote: viza ya masomo inadai bima ya afya ya Afrika ya Kusini, na vyuo vingi hutaka mgeni alipe kiasi kikubwa kabla hata ya kuandikishwa. Aliyelelewa huko na kupewa hati ya ukaaji wa kudumu, au aliyetambuliwa kuwa mkimbizi, huweza kuhesabiwa kama mwenyeji ingawa pasiporti yake si ya huko.

Ulaya kila nchi ina kamba yake. Katika Ubelgiji wa lugha ya Kifaransa, minervali ya kawaida ilikuwa euro 835 kwa miaka mingi, na wanafunzi wengi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya walidaiwa zaidi, hadi euro 4,175. Mkongomani hakuwekwa huko juu, kwa sababu nchi yake imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, tangu mwaka 1991. Umaskini wa taifa ukawa punguzo la mtoto. Kenya haimo katika orodha hiyo, wala Afrika ya Kusini, kwa hiyo Mkongomani aliyechukua uraia wa Kenya angeweza kujikuta analipa zaidi ya binamu yake aliyebaki Likasi.

Ufaransa ilitangaza mwishoni mwa 2018 kwamba wageni kutoka nje ya Ulaya watalipa euro 2,770 kwa lisansi, wakati Mfaransa alikuwa akilipa 170. Wanafunzi walienda mahakamani. Mwezi wa kumi 2019 Baraza la Katiba lilitamka kuwa elimu ya juu ya serikali ni bure kimsingi, ila ada ya kiasi inaruhusiwa. Mwezi wa saba 2020 Baraza la Serikali likaacha bei mpya zisimame. Vyuo vingi vimeendelea kusamehe wanafunzi wao. Tena, aliye chini ya jamaa inayotangaza kodi Ufaransa kwa zaidi ya miaka miwili hahesabiwi katika bei hiyo ya juu.

Uingereza na Marekani hutazama zaidi makao. Uingereza inataka mtu awe na haki ya kukaa bila kikomo na awe ameishi huko kwa kawaida miaka 3 kabla ya masomo, tena si kwa ajili ya kusoma tu. Maana ya "kuishi kwa kawaida" ilifafanuliwa na mahakama yao ya juu mwezi wa kumi na mbili 1982: makao uliyoyachagua kwa hiari, kwa nia ya kutulia. Mkimbizi aliyetambuliwa haombwi kungojea miaka hiyo mitatu. Huko Marekani ni kila jimbo na sheria yake. Texas, ambako Wakongomani wengi wamepelekwa kama wakimbizi, inadai miezi 12 ya ukaaji ili mtu alipe bei ya mwenyeji. Mmarekani kamili anayetoka jimbo jingine naye hulipa kama mgeni.

Mtego mkubwa, hata hivyo, uko nyumbani. Katiba ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Sheria ya tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2004 inaeleza kuwa anayepata uraia wa kigeni anapoteza ule wa Kongo. Zambia, kwa upande wake, inakubali uraia wa nchi mbili tangu mabadiliko ya katiba ya 2016. Basi mzazi wa Likasi anayemchukulia mwanawe uraia wa ng'ambo ili minervali ishuke anaweza kumfanya mgeni pale alipozaliwa. Uraia wa asili unaweza kuombwa tena kwa tamko, lakini ni safari ya maofisi, na maofisi yetu tunayajua.

Upande wa mashariki kuna tumaini jipya. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Baraza la vyuo vikuu lenye makao Kampala linasukuma mitaala ilingane na diploma zitambuliwe, lakini bei bado inapangwa na chuo chenyewe, na si kila ukurasa wa ada umeshaandika jina la Kongo kati ya nchi wanachama.

Ndiyo maana barua ya kwanza kwa chuo iulize jambo moja kabla ya malipo yoyote: mwanafunzi atawekwa kwenye kundi gani, na kwa karatasi zipi? Jibu liwe la maandishi. Mkataba wa nyumba, kadi ya ukaaji, barua ya kodi ya mzazi na hati ya ukimbizi huombwa kabla ya kuandikishwa, na vyuo vingi huhesabu hali ya mwanafunzi siku ya kuanza masomo. Aliyeingia kama mgeni mwaka wa kwanza mara nyingi hubaki mgeni mpaka mwaka wa mwisho.