Uchovu Kazini: Hatari Ambayo Mwenyewe Haioni

Mlinzi anatoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi, anapitia nyumbani kunywa chai, na saa mbili yuko kwenye mjengo akibeba mawe. Wakazi wengi wanaishi hivyo, na si kwa kupenda. Lakini ajali ya mchana mara nyingi huwa imeanza usiku uliotangulia.

Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Watafiti nchini Australia walilipima jambo hili mwaka 1997. Akifikisha saa 24, hali huwa karibu maradufu. Hakuna msimamizi atakayemruhusu mlevi kupanda ghorofani na ndoo ya saruji, ila yule ambaye hakulala hupandishwa, na pengine husifiwa kwa bidii.

Ubongo uliochoka huchelewa kuamua. Mbaya zaidi, huweza kusinzia kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua. Kwa dereva wa lori anayekwenda kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 60 bila mtu kwenye usukani. Kwa anayekata chuma kwa mashine, sekunde moja inatosha. Naye aliyechoka hupima vibaya uchovu wake. Ukimuuliza, atasema yuko sawa. Mwenzake ndiye humtambua kwanza: anauliza swali lile lile mara mbili, anaangusha vifaa, anasahau helmeti.

Saa mbaya zaidi ni kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kisha tena baada ya chakula cha mchana. Kahawa husaidia kwa muda tu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka amjulishe msimamizi anapoona hatari kubwa, wala asilazimishwe kurudi mahali hapo kabla haijaondolewa.

Ukiumia, mwambie mwajiri mara moja, hata kama jeraha ni dogo. Yeye ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, au saa 24 ikiwa mtu amefariki. Andika tarehe, saa na majina ya waliokuwepo, kwa sababu ukidai fidia utaulizwa hayo.