Saratani kwa Mtu Asiyevuta Sigara

Hapa Old Kampala, mtu asiyevuta sigara akipatwa na saratani ya mapafu, watu hunong'ona kwamba bila shaka alikuwa akivuta kwa siri. Hii si haki. Tumbaku ndiyo sababu kubwa, sikatai; lakini wako wanaougua bila kuigusa hata siku moja, na mojawapo ya sababu zake ilianza kutafutwa ng'ambo ya bonde letu, kilimani Mulago.

Mwaka 1957 Daktari Denis Burkitt alionyeshwa huko Mulago mtoto aliyevimba mataya pande zote. Baadaye akawaona wengine kama yeye. Mwaka 1961 alifunga safari kwa motokaa pamoja na madaktari wawili, maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakaona kwamba uvimbe huo hufuata nchi za joto na mvua, palipo na mbu wengi.

Mwaka huo huo Burkitt alihutubia London, na Anthony Epstein alikuwamo akisikiliza. Akawaza kuwa huenda kuna kijidudu. Basi vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwake kwa ndege kutoka Uganda, na kwa muda mrefu hakuona kitu. Kifurushi kimoja kilichelewa kwa ajili ya ukungu, maji yake yakafika yamechafuka. Mwingine angaliyamwaga! Epstein aliyatazama, kumbe ni chembe hai zinaelea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi walivyovikuta ndani ya chembe za uvimbe huo, vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Sasa turudi kwenye mapafu. Iko aina moja ya saratani ya mapafu, adimu, ionekanayo zaidi kusini mwa China na Taiwan, na wengi wa wagonjwa wake hawakuvuta sigara kamwe. Ndani ya chembe zake hukutwa virusi vile vile.

Msomaji asishtuke. Virusi hivi hupita kwa mate, na zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani wanavyo, vimelala tu mwilini. Peke yake havitoshi kuleta saratani. Kwa watoto wetu husaidiwa na malaria ya mara kwa mara. Kwa hiyo kumkimbia mgonjwa, au kumtengea kikombe chake, ni kumwonea bure.

Moshi wa kuni na makaa nao hudhuru mapafu, na hao wanaouvuta kila siku jikoni ni mama zetu, ambao wengi wao hawajashika sigara.