Kioo Kisichodanganya: namna ya kuchagua kioo cha kompyuta kwa kazi ya picha

Yuko fundi mmoja wa picha katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, ambaye sisi tunamfahamu tangu siku nyingi. Jina lake hatulitaji. Lakini mambo yaliyompata yafaa yajulikane, kwa maana yamewapata mafundi wengi wengine, na yatawapata vijana wengi wanaotamani kuishika kazi hiyo.

Fundi huyo aliitwa kupiga picha za arusi. Alifanya kazi yake kwa bidii, kanisani na karamuni. Tena alimpiga picha babu yake bibi arusi, mzee wa miaka mingi aliyeletwa kutoka Walungu kwa siku hiyo moja tu. Kisha fundi akakaa mbele ya kompyuta yake jioni tatu, akizitengeneza zile picha moja moja: huku anapunguza wekundu, huku anaongeza mwanga, huku anaondoa vumbi. Kwenye kioo zote zilimpendeza. Akazipeleka kwa mchapaji.

Picha zilipotoka, nguo ya bibi arusi ilikuwa nyeupe na maua yalikuwa mazuri, lakini nyuso za watu zilikuwa zimezama gizani. Mama wa bibi arusi aliishika picha moja akauliza: «Fundi, baba yangu yuko wapi hapa? Naona kofia yake na fimbo yake; uso wake siuoni.»

Fundi akaona haya, akaenda kwa mchapaji kwa hasira. Mchapaji, mtu mzima mwenye mvi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu: «Mwanangu, mashine yangu imechapa kile ulichoniletea. Rudi nyumbani ukakiulize kioo chako.»

Neno hilo ni la kweli. Leo tunataka kulieleza, ili mtu asipoteze fedha zake na jina lake jema.

Kioo hudanganya namna gani?

Kioo cha kompyuta, ambacho wengi mjini kwetu hukiita ekra, hakionyeshi picha kama karatasi ionyeshavyo. Karatasi hupokea mwanga wa taa au wa jua na kuurudisha machoni petu. Kioo chenyewe ni taa. Basi kioo kikiwaka mno, kila kitu kitaonekana chenye mwanga, hata picha iliyo nyeusi mno. Fundi anayekitazama hudhani picha imekwisha kuwa njema, naye haongezi mwanga. Ikifika kwenye karatasi, mwanga wa kioo haupo tena, na giza linabaki.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa kandela kwa kila mita mraba. Kwa picha za kuchapwa, mafundi hupendelea kandela 80 hadi 120 hivi. Lakini vioo vingi vya kawaida vyaweza kuwaka hata 250 au 300. Wauzaji huviacha viwake kwa nguvu zote, kwa sababu dukani kioo kinachong'aa kuliko vyote ndicho kinachovuta macho. Ndivyo fundi wetu alivyokichagua cha kwake: kati ya vioo vitano alichukua kile kilichong'aa zaidi. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu.

Kwa nini sisi huumia zaidi?

Mtu anaweza kuuliza: mbona nguo nyeupe ilitoka vema, na uso wa babu ukapotea? Jibu ni kwamba kioo kibaya hukosea zaidi katika sehemu za giza. Uso wa mtu mweusi, hasa akivaa kofia au akikaa kivulini, una rangi nyingi zinazokaribiana: kahawia, wekundu kidogo, mng'ao wa paji la uso, kivuli cha shavu. Kioo hafifu hukusanya rangi hizo zote na kuzifanya giza moja, au huzipandisha zote kwa mwanga wa uongo.

Jambo hili lina historia yake. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilipeleka kwa wachapaji kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ili wasawazishe mashine zao kwa kuifuata ngozi yake. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi hiyo moja ikawa kipimo cha watu wote, na nyuso za weusi zikawa zinatoka bila sura. Ilipofika miaka ya 1990 ndipo ilipotolewa kadi yenye wanawake watatu wa rangi mbalimbali. Leo kompyuta yamruhusu fundi kujiwekea kipimo chake mwenyewe; lakini akiwa na kioo kisichosema kweli, atawakosea ndugu zake kama zile kadi za zamani.

Wala tusidhani kwamba kutengeneza picha kwa kompyuta ni mchezo wa watoto. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akaziunganisha na picha mpya za viwanda vilivyochakaa. Kazi hiyo aliiita Mémoire, na imetazamwa katika nchi nyingi. Kazi ya namna hiyo yataka macho yanayoweza kuiamini rangi iliyo mbele yao.

Aina za vioo

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni aina ya kioo chenyewe. Zipo aina tatu zinazopatikana sana, nazo huandikwa kwa herufi.

TN ni aina ya bei ndogo. Ukisogeza kichwa kidogo tu, rangi hubadilika. Ukisimama, picha huwa nyingine. Kwa kuandika barua inatosha, kwa picha haifai.

VA ina weusi mzito unaopendeza, lakini katika sehemu za giza rangi zake hubadilika kidogo mtazamaji akihama. Yafaa kwa sinema kuliko kwa nyuso.

IPS ilitolewa na kampuni ya Hitachi ya Japani mwaka 1996, na leo hutengenezwa na kampuni nyingi. Ukiitazama kutoka upande huu au upande ule, rangi hubaki karibu zile zile. Hii ndiyo tunayoishauri kwa kazi ya picha. Iko pia OLED, yenye weusi kamili. Lakini ni ya gharama, na kitu kikisimama mahali pamoja siku nyingi, chaweza kuacha alama yake kiooni.

Rangi na vitone

Jambo la pili ni wingi wa rangi. Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza kipimo kiitwacho sRGB, nacho kikawa kanuni ya dunia nzima mwaka 1999. Picha nyingi za simu, za intaneti na za wachapaji wa kawaida hufuata kipimo hicho. Basi tafuta kioo kinachofikia karibu asilimia 100 ya sRGB. Kipo na kipimo kipana zaidi, Adobe RGB cha mwaka 1998, lakini kinamfaa yule ambaye mchapaji wake anakitumia. Usilipe fedha kwa kitu ambacho mchapaji wako hataweza kukupa.

Jihadhari pia na maandishi ya sanduku. Ukiona «72% NTSC», usishtuke: NTSC ni kipimo kikubwa cha televisheni ya Marekani cha mwaka 1953, na asilimia 72 yake hulingana kwa ukubwa na sRGB nzima. Lakini ukiona «45% NTSC», kama ilivyo katika kompyuta nyingi za mkononi za bei ndogo, ujue kwamba rangi nyingi zitakosekana, hasa nyekundu na kijani.

Uliza tena kama kioo ni cha biti 8. Kioo cha biti 8 kina ngazi 256 kwa kila rangi kati ya zile tatu za asili, yaani rangi zaidi ya milioni 16. Kile cha biti 6 kina ngazi 64 tu, nacho hujaza pengo kwa hila ya kubadilisha rangi haraka haraka. Katika anga la Ziwa Kivu wakati wa jioni, kioo hafifu chaweza kuonyesha michirizi mahali ambapo pangekuwa na rangi moja inayofifia polepole.

Jambo la tatu ni ukubwa na vitone vya mwanga, ambavyo mafundi huviita pikseli. Kioo cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kwa 1080 kinamtosha anayeanza. Kwa inchi 27, yafaa pikseli 2560 kwa 1440. Ukiweka zile 1920 katika inchi 27, vitone vitakuwa vikubwa na picha itaonekana kama imesagika. Lakini, wasomaji wapenzi, ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, chagua rangi ya kweli kabla ya ukubwa.

Ukifika dukani

Usiende mikono mitupu. Chukua kijiti cha USB chenye picha nne: ya kwanza iwe uso wa mtu unayemjua, ambayo ulikwisha kuichapa, na karatasi yake uwe nayo mfukoni, ya pili iwe ukanda unaotoka weusi kwenda weupe polepole, ya tatu iwe nyeupe tupu, ya nne iwe nyeusi tupu.

Mwombe muuzaji apunguze mwangaza wa kioo. Kisha ulinganishe uso wa kiooni na uso wa karatasini. Sogea kushoto, sogea kulia, simama, keti. Katika ukanda, tazama kama ngazi za giza zinatengana au zimeshikana. Katika weupe mtupu, tazama pembe zote nne kama zinafanana na katikati. Katika weusi mtupu, tafuta kitone kinachowaka peke yake. Hicho ni kigonjwa. Mwisho, fungua orodha ya kioo uone kama waweza kubadilisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake.

Muuzaji akikukataza kufanya hayo, mwage kwa adabu uende kwingine. Wala usikidharau kioo kilichokwisha kutumika. Kioo cha IPS kilichotoka ofisini chaweza kukushinda kioo kipya cha TN, mradi taa yake haijafifia wala haijawa ya manjano.

Ukikifikisha nyumbani

Kioo chema kikiwekwa vibaya kitadanganya kama kibaya. Usikielekeze dirishani. Kiwashe nusu saa kabla ya kazi, ili rangi zake zitulie. Usikae mbele yake na shati jekundu sana, maana rangi yake hurudi kiooni. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Basi tafuta chombo cha kuutuliza kabla haujafika kwenye kompyuta.

Kupunguza mwangaza bila mashine si vigumu. Weka karatasi nyeupe kando ya kioo, chini ya taa yako ya kazi, nawe uonyeshe weupe mtupu kiooni. Punguza mpaka weupe wa kioo ukaribiane na weupe wa karatasi. Kipimo hiki si kamili, lakini chaweza kukuokoa katika hasara nyingi.

Kipimo kamili ni kile cha kipima-rangi, chombo kidogo kinachowekwa juu ya kioo na kuisahihisha kompyuta. Bei yake ni nzito kwa mtu mmoja. Lakini chombo kimoja chaweza kupima vioo vingi, na kupima mara moja kwa mwezi kunatosha. Mafundi wanne wakichanga, kila mmoja atakuwa nacho juma moja katika kila mwezi. Umoja ni nguvu.

Mwisho wa habari ya fundi wetu

Fundi wetu hakuwa na fedha za kununua kioo kingine mara ile. Alikipunguza kwa karatasi nyeupe, kama tulivyoeleza, akaifungua tena picha ya babu. Kwa bahati njema alikuwa ameyatunza mafaili ya asili yaliyotoka katika kamera, wala hakuandika juu yake. Kwa mara ya kwanza akaona jinsi picha ilivyokuwa na giza. Akaupandisha uso polepole, akachapa moja tu ya kujaribu, akailinganisha, akasahihisha, akachapa tena. Hakumtoza mama yule hata faranga moja.

Baadaye, yeye na wenzake watatu walichanga wakanunua kipima-rangi. Na mwaka uliofuata akapata kioo cha IPS kilichokwisha kutumika.

Babu wa Walungu alifariki kabla ya mwaka ule kuisha. Ukoo wake hauna picha nyingine yake ila ile. Imetundikwa ukutani kwa binti yake, nasi tumeiona: kofia ipo, fimbo ipo, na chini ya kofia mzee anacheka.